Barua ya Wazi kwa Mafundi wa Vyuma wa Mazimbu na Morogoro, Juu ya Fremu za Matenki ya Mafuta

Waheshimiwa mafundi,

Naomba idhini ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo ningeweza kulisema karakana kwa karakana, lakini ambalo, kwa kuwa kelele za grainda hazimpi msemaji nafasi, na kwa kuwa kila mmoja wenu angedhani nimemwendea yeye peke yake ili nimtie ila, nimeona ni afadhali liwekwe katika barua isiyokuwa na bahasha. Jambo lenyewe ni fremu za chuma mnazowaundia wateja kwa ajili ya kukingia matenki ya mafuta ya kuhamishika, yale yanayofungwa juu ya pikapu na matrela ya trekta ili kupeleka dizeli kwa mashine za kusaga za upande wa Matombo na Mkuyuni, kwa pampu za maji za mabondeni, na kwa matrekta ambayo hayawezi kuacha shamba katikati ya msimu na kurudi mjini kila yanapoishiwa.

Sina tashwishi juu ya ustadi wenu. Mkono uwezao kuunda geti la nyumba likafunga na kufunguka miaka ishirini bila kulia hauwezi kushindwa na mraba wa engo. Taabu yangu ni kwamba aghalabu naziona fremu hizi zikiundwa kwa fikra ile ile ya grili ya dirisha: chuma chembamba, maungio yaliyoshikizwa kwa nukta mbili tatu, rangi ya fedha inayong'aa, na ua la nondo iliyopindwa katikati, kana kwamba tenki nalo lina wageni wa kupokea. Grili huwekwa ukutani ikakaa papo hapo mpaka nyumba ibomoke, na adui yake ni mwizi mwenye msumeno. Fremu ya tenki husafiri, na adui yake amo ndani yake, nao ni uzito wa mafuta yenyewe, ambao kila shimo la barabara na kila kona ya mlima huuamsha upya.

Natulitazame hilo kwa hesabu, maana fundi huamini kipimo kuliko maneno. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Basi tenki la lita 500 likijaa hubeba kilo 420 za mafuta, na ukiongeza bati la tenki, pampu, mpira wa kujazia na fremu yenyewe, mzigo wote hukaribia kilo 550. Kanuni ya kufunga mizigo inayofuatwa Ulaya hutaka kila mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu isiyopungua sehemu nane katika kumi za uzito wake, na usiende ubavuni wala nyuma kwa nguvu isiyopungua nusu ya uzito huo. Maana yake ni kwamba dereva akikanyaga breki kwa ghafula, kwa sababu mbuzi amekatiza njia pale Kinole au kwa sababu bodaboda imechomoza bila taarifa pale Msamvu, fremu na bolti zake hupokea msukumo wa kilo 440 kwa mara moja, na msukumo huo hauulizi kwanza kama kiungo kilichomelewa mzunguko mzima au kilidonolewa tu ili mteja awahi kuondoka. Tena mafuta ni mzigo usiotulia: tenki likiwa nusu, yaliyomo hukimbilia mbele, yakapiga ukuta, yakarudi nyuma, yakapiga tena, na kwa ajili hiyo tenki jema huwa na vizuizi vya bati ndani yake, vyenye matundu, ili kuvunja mbio za mafuta kabla hazijafika ukutani.

Waliotutangulia walilijua jambo hili pasipo hesabu hizo. Zama ambazo mafuta ya taa yalifika pwani yetu kwa meli, yalikuja katika madebe ya bati yenye galoni nne kila moja, na kila madebe mawili yalitiwa ndani ya sanduku la mbao lililowakaa barabara. Sanduku ndilo lililoburutwa, likatupwa, likapangwa ghalani moja juu ya jingine, ilhali bati jembamba la ndani halikuguswa na mkono wa mchukuzi hata lilipofika dukani. Sanduku likaondolewa, likageuzwa rafu au kitanda, na debe likabaki peke yake kukabiliana na dunia, ambayo ililikunja na kulitoboa kwa muda mfupi. Waingereza walililipia ghali somo hilo katika vita vya jangwa la Libya, ambako madebe yao yalivuja njiani hata petroli nyingi ikamezwa na mchanga kabla ya kulifikia gari lolote, nao wakawa wakiyakusanya kwa furaha madumu ya adui waliyoyateka. Dumu lile la Kijerumani la lita 20, lililobuniwa mwaka 1937, halikuhitaji sanduku, kwa kuwa lilizaliwa na kinga yake mwilini: mbavu zilizokandamizwa katika bati ili kulitia nguvu, nafasi ya hewa juu ili mafuta yapate pa kupanukia, kifuniko cha kubana kwa wenzo kisichohitaji spana, na mshono wa kuchomelea uliozamishwa ndani ili pigo la nje lisiufikie. Watu wengi hulisifu kwa mishikio yake mitatu. Mimi hulisifu kwa ule mshono, maana aliyeuzamisha alifikiri juu ya siku ya kuanguka kabla ya kufikiri juu ya siku ya kuuza.

Na hiyo ndiyo rai yangu yote kwenu: fremu iundwe kwa ajili ya siku ya kuanguka. Siku nyingine zote, hata kamba ya katani ingelishika tenki.

Mkinikubalia hapo, mengine hufuata yenyewe. Kwanza ni mshazari. Mraba wa chuma, hata uwe mnene, ukisukumwa kwenye pembe yake hulala ukawa si mraba tena, kwa kuwa nguvu yote imeachiwa maungio manne. Mshazari mmoja uliochomelewa kutoka pembe hadi pembe huugeuza mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kulala isipokuwa chuma chenyewe kikatike au kipinde. Nimeziona fremu zilizoongezwa nguzo za wima tano na sita kila upande, kwa gharama isiyo ndogo, ilhali hazina mshazari hata mmoja, nazo zilikwisha kuegemea upande kabla ya mwaka kwisha. Fremu ya tenki la lita 500, yenye urefu wa mita 1.2, upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 90, ina jumla ya mita 12.4 za kingo. Engo ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 5 ina uzito wa kilo 3.77 kwa mita, kwa hiyo kingo zote ni kilo 47 tu, nazo hutoka katika vipande vitatu vya mita sita, na kinachosalia chatosha kuwekea mishazari ya pande mbili. Mishazari ya pande nyingine yaweza kuwa ya flati ba, chuma kisichomfilisi mtu.

Pili ni koki. Sijui ni kwa nini mafundi wengi hupenda koki ichomoze nje ya fremu, isipokuwa iwe ni kwa kumrahisishia mteja kuweka ndoo. Walakini koki iliyochomoza ndicho kitu cha kwanza kugusa mti, ukuta au gari jingine, na ikivunjika hakuna tena tenki, kuna chemchemi. Koki, bomba la kupumulia na mdomo wa kujazia sharti viwe ndani ya fremu, tena ndani kwa upana wa kiganja, na afadhali mafuta yavutwe kutoka juu kwa pampu kuliko kutiririka kutoka chini. Pete za kunyanyulia nazo ziwe juu ya fremu, kamwe zisiwe juu ya tenki, ili winchi ikilinyanyua, ibebe chuma kilichoumbwa kubeba.

Tatu ni pale tenki linapokutana na fremu, na hapa naomba subira yenu, kwa kuwa nasaha mbili zilizo njema zinaweza kupigana. Chuma kikisuguana na chuma kwa maelfu ya mitikisiko, bati jembamba ndilo hushindwa. Kwa hiyo huwekwa mpira chini ya tenki na pembeni mwake, nalo hushikwa kwa mikanda iliyofungwa kwa bolti, si kwa kuchomelewa. Hiyo ni nasaha ya kwanza, nayo ni sahihi. Lakini mpira haupitishi umeme. Mafuta yanapopita kwa kasi katika bomba huzaa umeme tuli, na tenki lililokaa juu ya mpira huuhifadhi umeme huo pasipo njia ya kuutoa, mpaka mtu akilete kichwa cha pampu karibu na mdomo wake na cheche ijirukie yenyewe. Basi kila aliyeweka mpira na aweke pia waya wa shaba uliosukwa, uliofungwa kwa bolti kutoka tenki hadi fremu, na mwingine kutoka fremu hadi bodi ya gari, sehemu iliyokwanguliwa rangi; na siku ya kujaza, gari nalo liunganishwe na ardhi. Waya huo una urefu wa mkono mmoja, nao huachwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ndio usioonekana kuwa na kazi.

Yaliyobaki nitayapita upesi, kwa kuwa mnayajua kuliko mimi: kukwangua kingo kali, kuacha matundu ya kutoa maji ya mvua katika pembe za chini, rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Mwambieni mteja tu kwamba tenki lisijazwe hadi mdomoni, maana lita 500 za dizeli zilizotiwa alfajiri katika ubaridi wa Mgeta, zikateremshwa hadi joto la bondeni na kuongezeka nyuzi 20, hupanuka kwa takriban lita 8, na lita hizo hutafuta pa kutokea.

Sasa nafika penye jambo ambalo laiti ningekuwa na nafasi ya kusema moja tu, ningesema hilo na kuyaacha mengine yote. Fremu ikamilike kabla ya tenki kuletwa. Mteja huja na tenki lake juu ya gari, hana muda, husema, "Fundi, nichomelee hapo hapo, halina kitu," na fundi, kwa kuona haya au kwa kuogopa kumkosa, huvuta waya wa mashine. Hakuna neno la hatari zaidi katika lugha yetu kuliko hilo la kwamba halina kitu. Pipa lililojaa petroli hadi juu huwaka. Pipa lililomwagwa hulipuka. Kinachowaka si mafuta bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko wa petroli huwa tayari kulipuka pale mvuke unapokuwa sehemu 1.4 hadi 7.6 katika mia ya hewa. Katika pipa la lita 200, kijiko kimoja cha mezani cha petroli kilichosalia chini chatosha kulifikisha pipa lote katika kiwango hicho. Dizeli ni polepole zaidi, kwa kuwa haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi zaidi ya 50, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Lakini moto wa mashine ya kuchomelea hausumbuki na tofauti hiyo, kwani ukigusa bati lenye utando wa dizeli kwa upande wa pili, huipasha papo hapo. Tenki ambalo limewahi kutiwa mafuta lisichomelewe, wala kitu kisichomelewe karibu yake. Cheche huruka mbali: kanuni za Marekani hutaka kila kiwezacho kuwaka kisogezwe mita 11 kutoka penye kazi. Karakana nyingi zetu hazina hizo mita 11 kutoka ukuta hadi ukuta, na hiyo ni sababu ya tenki kungoja nje, si ruhusa ya kuipuuza kanuni.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kuelezwa juu ya mvuke wa petroli na mtu wa mbali. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka karibu na stendi ya Msamvu, na watu wakalikimbilia na madumu, ndoo na chupa kuchota kilichokuwa kikimwagika. Moto uliowafuata uliwaua watu zaidi ya 100, na wengi wao wamezikwa pamoja Kola. Yamesemwa mengi juu ya tamaa ya waliochota, na mengi ya hayo yalisemwa na watu walioshiba. Mimi nasema juu ya lisilosemwa: walio wengi pale hawakujua kwamba walikuwa wamekwisha kusimama ndani ya moto kabla haujaonekana, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu na zaidi, hutambaa chini, hujaa mitaroni, nao hauna rangi. Fremu yoyote ya mkono wenu isingaliweza kulizuia lori lile. Walakini mafundi ni miongoni mwa watu wachache mjini humu ambao mteja huwasikiliza kwa sababu amewalipa, na neno la hadhari litokalo kwa fundi huingia mahali ambapo tangazo la redio haliingii.

Kwa hiyo nawaomba pia mjue la kukataa. Fremu ya kufungia dumu la plastiki la petroli nyuma ya bodaboda, ambayo nimeona ikiulizwa bei, haistahili kuundwa, hata ikiwa na mishazari yote ya duniani; abiria ameketi mbele yake, bomba la moshi li chini yake, na plastiki ya dumu la mafuta ya kupikia hailingani na petroli. Kadhalika yale matenki meupe ya plastiki ya lita 1,000 yaliyomo katika kizimba cha mabomba, ambayo wengi huyanunua kwa ajili ya maji, yasipewe petroli kwa kuwa tu yana chuma pembeni. Uuzaji wa petroli katika chupa na madumu umekatazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, na katazo hilo lina haki, ingawa mwenye pikipiki aliye juu kule Bunduki, akiwa ameishiwa na kituo kikiwa mbali naye mwendo wa saa nzima na zaidi, hulisikia kama mashairi. Mikopo ambayo Serikali imeifungua kupitia Wakala wa Nishati Vijijini kwa wanaotaka kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini ndiyo dawa ya kweli ya chupa zile. Mpaka vituo hivyo vifike milimani, fremu njema ni kwa dizeli, ndani ya tenki la chuma.

Najua jibu lenu, nalo ni la haki: mteja hataki kulipa. Huja na bei ya fundi wa jirani mfukoni, na fundi wa jirani ametumia chuma cha nusu ya unene. Hapo ndipo ninapowageukia wengine watakaoisoma barua hii kwa bahati. Mazimbu si mahali pa kawaida katika habari za ufundi. Shamba hili la mkonge lililoachwa lilipokabidhiwa kwa chama cha ANC na Serikali yetu mwaka 1977, vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto hawakupewa majumba. Waliyajenga, pamoja na mafundi wa hapa hapa, na shule iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979, ilikuwa na karakana zake na kiwanda chake cha samani kilichoitwa kwa jina la mpigania uhuru Vuyisile Mini, kwa itikadi kwamba mkono na kitabu ni wanafunzi wa darasa moja. Majengo hayo tangu mwaka 1992 yamo mikononi mwetu, nayo leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ni haki kuwauliza wakuu wa chuo hicho, ambacho kinafundisha uhandisi wa kilimo, pamoja na ndugu zao wa chuo cha ufundi stadi cha VETA pale Kihonda: je, ni taabu gani iliyopo kuchora fremu moja ya tenki la lita 200, moja ya lita 500 na moja ya lita 1,000, kwa vipimo vya milimita na maelezo ya Kiswahili, karatasi moja kila fremu, na kuzigawa bure karakana zote kutoka Mazimbu hadi Nanenane? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji laweza kutia mhuri wake chini ya mchoro, na mteja anayebishana na fundi huenda asibishane na mhuri.

Mchoro huo ukipatikana, mwenye karakana atakuwa na cha kumwonyesha mteja ukutani, na bei itakuwa ni bei ya mchoro, si bei ya maneno. Nanyi kwa upande wenu mwaweza kuanza na jambo lisilo na gharama kabla ya karatasi hizo kuja: kila fremu itokayo kwenu igongwe kwa patasi, katika engo ya chini upande wa dereva, jina la karakana, mwezi na mwaka, na ujazo wa tenki ambalo iliundwa kulibeba, ili asije mtu baada ya miaka miwili akatia tenki la lita 1,000 katika fremu ya lita 500 na kusema kwamba ndivyo alivyouziwa.

Ikiwa miongoni mwenu yuko ambaye ameona nakisi katika vipimo nilivyovitaja, au ana njia nafuu zaidi ya kuweka mishazari bila kuziba nafasi ya mkono kufikia pampu, jambo ambalo mimi sijaridhika nalo bado, basi naomba anijibu hadharani kama nilivyomwandikia, na ikiwezekana aambatanishe mchoro.

Wasalaam,

Mkazi wa Mazimbu,
Morogoro